Shajara ya mradi wa klabu ya sayansi: jiko la jua, chupa za gesi na kipima hewa

Shajara hii ni ya walimu na walezi wa klabu za sayansi wanaotaka kufanya na wanafunzi wao mradi wa teknolojia endelevu na mabadiliko ya tabianchi. Naongeza sehemu kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia mbio. Palipokwama ndipo nilipokaa, maana hapo ndipo na wengine watakapokwama. Upande wa gharama nataja kilichonunuliwa, kilichoazimwa na kilichookotwa; bei mtaiulizia mlipo.

20 Januari: kabla ya kushika mkasi

Kikao cha kwanza hakikuwa na somo. Kila mwanafunzi alipewa karatasi ajibu maswali mawili: ni nini kinachoipasha dunia joto, na umejuaje? La kwanza walilijibu wote. La pili liliachwa tupu na karibu wote, hata wale ambao darasani hawashikiki.

Jibu lililotia fora ni tundu la ozoni: jua linapenya tunduni, dunia inachemka. Kosa hili limeenea sana na si la uvivu. Ozoni na joto la dunia yote ni mambo ya angahewa, yote yanatokana na gesi zinazotolewa na binadamu, na mara nyingi hufundishwa kwa pumzi moja. Lakini tabaka la ozoni kazi yake ni kuchuja mionzi ya urujuanimno, na gesi zilizoliharibu ndizo zilizobanwa na Itifaki ya Montreal ya 1987. Joto linaloongezeka linatokana hasa na kabonidayoksaidi, methani na gesi nyingine zinazonasa mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo ardhi huirudisha juu. Siku hiyo sikusahihisha chochote. Karatasi zilifungwa kwenye bahasha, tukaendelea.

Tulipatana kanuni mbili. Kwanza, kila kipimo hutanguliwa na utabiri ulioandikwa kwa wino, na haufutwi. Pili, majukumu ya kujenga, kupima na kuandika hupigiwa kura kila kikao. Bila kura, wenye sauti kubwa hukamata zana na wasichana husukumiwa daftari.

3 Februari: jiko la jua, toleo la kwanza

Tulianza na jiko la jua kwa sababu linatoa jibu siku hiyohiyo. Wazo lenyewe ni la kale: Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alianza kutengeneza masanduku ya vioo mwaka 1767, na katika mojawapo joto likapita nyuzi 100.

Ujenzi kwa ufupi: boksi dogo la kadibodi ndani ya boksi kubwa, katikati magazeti yaliyofinyangwa, kuta za ndani zimebandikwa foili, sakafu imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, juu kioo, na bawa moja la foili la kurudishia jua ndani. Sufuria iwe nyembamba, nyeusi kwa nje, yenye kifuniko. Maboksi na magazeti tuliokota, sufuria tuliazima. Tulivyonunua ni kioo, foili, rangi na vipimajoto.

Sasa yaliyokwama. Kundi moja lilikwepa gharama ya kioo likatumia plastiki angavu. Ilipopata joto ililegea ikabonyea katikati, mvuke ukatonea humo, na matone yakawa yanarudisha mwanga nje. Ilibidi ivutwe upya juu ya fremu ya mbao na kubanwa kwa pini pande zote. Kundi jingine liliweka sufuria kabla rangi haijakauka sawasawa. Rangi ilitoa mvuke wake ndani ya boksi na kioo kikaingia ukungu wa mafuta. Dawa ni kuliacha boksi juani, wazi, kwa siku kadhaa kabla ya jaribio la kwanza. Harufu ikiisha, liko tayari.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa vipimajoto. Makundi mawili yalikuwa yakibishana vikali nani ameshinda, kumbe vipimajoto vyao havisomi sawa hata vikiwa ndani ya bakuli moja la maji. Tangu hapo kila kipimajoto kina namba na kikaratasi kinachosema kinazidisha au kinapunguza kiasi gani ukikilinganisha na vingine. Kazi ya dakika chache, na iliua nusu ya ugomvi.

Nusu ya pili ilitokana na mawingu. Kundi lililopima siku ya jua kali lilijisifu mbele ya kundi lililopima siku ya mawingu. Kuna kiwango cha kitaalamu cha kupima majiko ya jua, ambacho hurekebisha matokeo yote kana kwamba jua lilikuwa la wati 700 kwa kila mita ya mraba. Hatukuwa na kifaa cha kupima nguvu ya jua, kwa hiyo tukachukua njia ya mkato: majiko yote uwanjani kwa wakati mmoja, maji kiasi kilekile, yakianza na joto lilelile.

17 Februari: zilikwenda wapi wati zetu?

Mashindano yalipokwisha, mahudhurio yalianguka. Aliyeshinda ameshinda, aliyeshindwa harudi kutazama boksi. Kama ningeanza upya, nisingeweka mshindi kabisa.

Kilichowarudisha ni hesabu ubaoni. Mdomo wa jiko ni sentimita 40 kwa 40, yaani mita za mraba 0.16. Jua kali la adhuhuri huleta takriban wati 1000 kwa mita ya mraba, kwa hiyo zinaingia wati 160, ukiacha bawa la foili kando. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 65 inahitaji kilojuli 167 za nishati. Jiko bora lilichukua kama saa moja. Gawanya kwa sekunde 3,600: wati 46. Chini ya theluthi.

Zilizobaki zimekwenda wapi? Swali hilo lilifanya kazi kuliko zawadi yoyote. Walipitisha viganja kando ya kioo wakatafuta hewa ya moto inayovuja. Walibandika vipande vya mpira kwenye ukingo. Wengine waliongeza kioo cha pili wakagundua kwamba kinazuia joto lisitoke lakini pia kinapunguza mwanga unaoingia, hivyo faida yake ni ndogo kuliko walivyoandika kwa wino. Utabiri mbovu uliohifadhiwa una thamani: kila mtu anauona na hakuna wa kusema "nilijua tu".

Kwa nini nyuzi 65? Maji yakikaa kwenye joto hilo kwa dakika kadhaa, vijidudu vingi viletavyo magonjwa hufa. Si lazima yachemke. Joto haliondoi chumvi wala kemikali, kwa hiyo maji ya majaribio hatukuyanywa. Kilojuli 167 zikawa kipimo cha klabu. Kila teknolojia tutakayoigusa itaulizwa swali lilelile: inapasha lita yetu?

3 Machi: chupa mbili, na jaribio lililofaulu vibaya

Hili ndilo jaribio linalofanywa kila mahali kuonyesha kazi ya gesi joto, yaani gesi zinazonasa infraredi. Chupa mbili kubwa zilizokatwa shingo, kila moja na kipimajoto chake, taa moja mbele ya zote mbili. Moja ina hewa ya kawaida, nyingine imejazwa kabonidayoksaidi iliyotengenezwa kwa siki na magadi soda kwenye chombo cha pembeni na kuletwa kwa mpira. Isitengenezwe ndani ya chupa yenyewe: mmenyuko ule hunyonya joto, na unyevu wake huvuruga kila kitu. Washa taa, subiri. Chupa ya kabonidayoksaidi ilipata joto zaidi. Wakapiga makofi.

Kisha mwanafunzi mmoja, ambaye kura ilikuwa imempa daftari, akauliza: "Mwalimu, hewani kabonidayoksaidi ni sehemu 420 tu katika milioni. Humu tumeijaza chupa karibu nzima. Mbona joto limezidi kidogo hivi?"

Jibu la kufukia swali lilikuwepo, lakini tulilichimba. Kwanza tulibadilishana nafasi za chupa. Sehemu ya tofauti ilihamia upande wa pili pamoja na nafasi, kumbe taa haikuwa imeelekea katikati sawasawa. Tofauti nyingine ilibaki na kabonidayoksaidi. Hapo tukaleta shahidi wa tatu: agoni. Gesi hii hainasi infraredi kabisa, ila uzito wake unakaribiana na wa kabonidayoksaidi, 40 kwa 44, wakati hewa ni 29. Tuliipata kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Angalizo kwa atakayenakili: mitungi mingi ya uchomeleaji ina mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi, na jaribio litakufa bila wewe kujua. Omba agoni tupu. Fanyeni kazi madirisha yakiwa wazi, maana gesi hizi zote mbili husukuma oksijeni nje.

Chupa ya agoni ilipata joto karibu sawa na ya kabonidayoksaidi.

Makofi hayakupigwa. Ilikuwa kelele tupu. Ikiwa gesi isiyonasa infraredi inafanya vilevile, basi chupa haikuwa ikituonyesha tulichodhani. Wako watafiti wa Marekani waliolichapisha jambo hili mwaka 2010 katika jarida la American Journal of Physics: matokeo ni sahihi, fizikia si sahihi. Gesi nzito hutulia chini ya chupa na haichanganyiki upesi na hewa ya nje, kwa hiyo joto linachelewa kutoka. Infraredi haina mchango wa maana hapo.

Wanafunzi walirudi wenyewe kwenye jiko la jua. Vitabuni tumesoma kwamba kioo hupitisha mwanga na kuzuia infraredi, ndiyo maana ndani kuna joto. Mbona basi plastiki, ambayo huiachia infraredi nyingi ipite, ilikaribia kioo baada ya kukazwa vizuri? Mwanafizikia wa Marekani R. W. Wood alifanya jaribio la aina hiyo mwaka 1909, kwa kioo na bamba la chumvi ya mawe, akapata tofauti ndogo. Boksi, sawa na nyumba ya kioo ya mimea, hupata joto hasa kwa sababu hewa yake ya moto imefungiwa. Angahewa haina kifuniko. Inatunza joto kwa sababu gesi zake hunasa infraredi na kuitoa upya kutoka tabaka za juu zaidi, zenye baridi zaidi, ambazo hutuma nishati kidogo angani. Ardhi hulazimika kupata joto mpaka mizani irudi sawa.

Historia iliingia hapa bila kulazimishwa. Eunice Foote aliweka mitungi ya gesi juani mwaka 1856 na kuona ile ya kabonidayoksaidi ikizidi joto, lakini vifaa vyake havikuweza kutenganisha mwanga wa jua na mionzi ya joto inayotoka ardhini. John Tyndall, kuanzia 1859, alitengeneza kifaa kilichopima unasaji wa mionzi ya joto yenyewe. Svante Arrhenius akaja na hesabu ya dunia nzima mwaka 1896. Darasa lililokwisha kuhangaika na chupa linaona kwa nini kifaa cha Tyndall kilihitajika. Lisilohangaika hukariri majina matatu na miaka mitatu.

24 Machi: kipima hewa

Baada ya chupa kutuangusha, tulitaka kifaa kinachoonyesha kabonidayoksaidi ikinasa infraredi kweli. Kamera ya joto haisaidii, hata ukiazimwa. Nyingi huona mawimbi ya mikromita 8 hadi 14, na kipima tunachokitaka hutumia wimbi la mikromita 4.26, ambalo kabonidayoksaidi hulinasa kwa nguvu. Ungetazama bure.

Tulianza na kipima kabonidayoksaidi cha bei rahisi. Kilisoma namba nzuri hadi mtu aliyejipulizia manukato alipoingia chumbani. Namba zikaruka juu. Kalamu ya ubao mweupe ilipofunguliwa karibu yake, zikaruka tena. Vipima vya aina hiyo vina kihisi cha oksidi ya metali kinachonusa mivuke mbalimbali, kisha kinakisia kabonidayoksaidi. Hakiipimi. Kwenye tangazo tofauti hiyo haionekani, kwa hiyo soma maelezo: kama hayasemi kifaa kinapima kwa infraredi, kiache.

Kipima cha infraredi tulichonunua baadaye ndicho kitu ghali kuliko vyote katika mradi huu. Ndani yake mna kitaa cha infraredi upande mmoja na kihisi upande wa pili. Kadiri hewa ya katikati inavyokuwa na kabonidayoksaidi nyingi, ndivyo mionzi inayofika inavyopungua. Kwa maneno mengine, kifaa kinafanya kazi kwa tabia ileile inayoipa gesi hii jina la gesi joto. Onyesho tulilolitafuta chupani lilikuwa ndani ya kidude cha mfukoni.

Hicho nacho kina mtego. Aina nyingi hujirekebisha zenyewe kwa kudhani kwamba kipimo cha chini kabisa katika siku zilizopita ni hewa safi ya nje. Chetu kilishinda kwenye kabati ndani ya chumba kisichofunguliwa, kikazoea hewa chafu, kikawa kinasoma chini ya ukweli. Dawa: kitoe nje mara kwa mara, au izime huduma hiyo na ukirekebishe nje kwa mkono.

Nje kilisoma karibu sehemu 420 kwa milioni. Darasani, madirisha yakiwa yamefungwa, kilipita 2,000 kabla ya kipindi kwisha. Haishangazi; pumzi tunayotoa ina takriban 40,000. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ilikuwa na kama 315. Mwanafunzi akakata shauri kwamba basi watu wanapasha dunia joto kwa kupumua. Wenzake walimrekebisha kabla sijafungua mdomo: kaboni ya pumzi ilitoka kwenye mimea juzi tu na inarudi kwenye mimea, ile ya makaa ya mawe na petroli ilifukiwa mamilioni ya miaka. Madirisha ya pande mbili yanayotazamana yakafunguliwa, namba zikashuka. Hilo ni jambo la afya na usikivu darasani, na tuliliandika hivyo, si kama ushindi dhidi ya tabianchi.

Siku hiyo tulifungua bahasha ya Januari. Kila mmoja alijisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Ozoni ilikatwa takriban kote. Safu ya "umejuaje" ilijazwa, kwa wengine mpaka nyuma ya karatasi.

21 Aprili: dumu la bayogesi

Bayogesi ni gesi ya kuwaka, yenye methani, inayotoka samadi ikioza pasipo hewa. Yetu inatoka kwenye dumu la lita 20, robo tatu limejaa samadi mbichi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji kwa kiasi sawa. Mpira unatoka kwenye kifuniko hadi kwenye mpira wa ndani wa tairi, uliokamuliwa hewa yote kwanza. Vyote vya kuokota, isipokuwa viungio na gundi.

Gesi ya kwanza haikuwaka. Hilo ni la kawaida, mwanzoni hutoka zaidi kabonidayoksaidi na hewa iliyobaki. Iachieni nje, msubiri inayofuata. Shida ya kweli ilikuja kwa haraka ya vijana: walianza kulisha dumu mabaki ya jikoni kila siku, kwa wingi. Viputo vikakoma, harufu ikawa kali ya uchachu, na karatasi ya kupimia ikaonyesha pH (kipimo cha uasidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) kati ya 5 na 6. Bakteria wanaotengeneza asidi hukimbia kuliko viumbe wanaotengeneza methani, ambao wanataka pH karibu na 7. Ukilisha mno, wa kwanza huwazamisha wa pili. Tuliacha kulisha, tukatoa theluthi ya mchanganyiko na kuweka samadi mpya, tukaongeza chokaa kidogokidogo huku tukipima. Ilichukua majuma kupona. Usiku wa baridi nao ulirudisha nyuma, kwa kuwa viumbe hawa hupenda joto la karibu nyuzi 35, kwa hiyo dumu limefunikwa nyasi kavu na plastiki nyeusi.

Usalama hauna mjadala. Kazi yote iwe nje. Mpira wa gesi upite kwenye chupa ya maji ili moto usirudi nyuma. Anayewasha ni mwalimu peke yake. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka.

Maji ya sabuni yalionyesha viputo kwenye kifuniko. Wakati wanaziba, likaja swali: "Mwalimu, likivuja si tunaharibu kuliko tungeacha samadi ilivyokuwa?" Hesabu ilifanyika palepale. Kilo moja ya methani, kwa kipindi cha miaka 100, hupasha joto takriban mara 27 ya kilo moja ya kabonidayoksaidi. Samadi iliyosambaa na kukauka shambani hutoa methani kidogo. Ile iliyorundikwa mbichi shimoni hutoa nyingi. Kwa hiyo mtambo una faida pale unapochukua nafasi ya shimo au ya kuni, na usipovuja. Unaovuja juu ya samadi ambayo ingekauka ni hasara. Vijana walitaka kuliandika hilo kwa herufi kubwa kwenye bango lao la maonyesho, nami sikuwazuia.

12 Mei: lita yetu kwa gesi

Mwali umewaka, wa buluu, hafifu kiasi kwamba juani hauonekani vizuri. Bayogesi yenye methani asilimia 60 ina takriban kilojuli 21 kwa lita, hivyo lita 8 zingetosha kilojuli 167 kama hakuna joto linalopotea. Utabiri wa wino uliozagaa zaidi ulikuwa lita 10. Tulihitaji karibu mara mbili ya hapo. Sasa wanaijenga kinga ya upepo kwa kopo, na wana hamu ya kujua jiko la gesi linapoteza wapi, maana la jua tayari wanalijua.

Kinachoendelea: kupima gesi ya kila siku kwa kuisukuma ndani ya chupa iliyopinduliwa majini, na kuchora grafu yake sambamba na joto la usiku.

Kwa anayetaka kuanza na ana fedha ya kitu kimoja tu, anunue kipima cha infraredi na maboksi aokote. Akikosa hata hicho, vipimajoto viwili na jiko la jua vinatosha kwa muhula. Chupa mbili za gesi azifanye pia, lakini asizifanye bila ya tatu yenye agoni.